Barua ya Wazi kwa Mnaosimamia Njia Fupi za Kupanda Vilima

Yah: Uangalizi wa njia fupi zinazopanda hadi mahali pa kutazamia mandhari

Waheshimiwa,

Nawaandikia ninyi mliokabidhiwa zile njia za miguu za kilomita moja, mbili au tatu, zinazoanzia kwenye maegesho ya magari na kuishia kileleni, pale mtu anaposimama akaliona bonde lote chini yake. Wengine wenu mko kwenye hifadhi, wengine idara za misitu, wengine halmashauri za miji, na wengine ni wenye ardhi tu ambao kilima kimeangukia ndani ya mipaka yao. Barua hii ni yenu nyote, maana lalamiko langu ni moja. Njia hizi mmeziacha zijiendeshe kwa kuwa ni fupi, na ufupi huo huo ndio unaozifanya zihitaji uangalizi mkubwa kuliko zile ndefu.

Fikirieni ni nani anayepanda mlima wa siku tano. Amejiandaa kwa miezi. Ana viatu vya kazi hiyo, ana koti la mvua, ana akiba ya chakula, na mara nyingi yuko na kiongozi anayeijua njia. Sasa simameni siku ya mapumziko chini ya kilima chenu mtazame nani anashuka garini. Kuna bibi aliyeletwa na wajukuu. Kuna baba kambeba mtoto mabegani. Kuna vijana wanne wa kandambili, chupa ya maji moja. Kuna mtu aliyetoka kuugua, ameambiwa atembee kidogo kidogo, akachagua hapa kwa sababu kibao kinasema kilomita mbili. Hawa si wazembe. Wamesoma mlichoandika, wakakiamini.

Kwa hiyo naanza na kibao. Vibao vingi vya kuanzia safari vina mshale, jina la kilima na umbali, basi. Umbali peke yake haumwambii mpandaji kitu cha maana. Mwaka 1892 mpanda milima wa Scotland, William Naismith, alitoa kanuni inayotumika hadi leo: saa moja kwa kila maili tatu, yaani karibu kilomita tano, na saa moja nyingine kwa kila futi 2,000 za kupanda, yaani kama mita 600. Chukueni njia ya kilomita mbili inayopanda mita 300. Umbali unampa mtu dakika 24. Mwinuko unamwongezea dakika 30. Jumla ni dakika 54, tena bila kusimama, na kwa mtu mwenye afya na mazoea. Kibao kilichoandika "kilomita 2" kimemtajia nusu ndogo ya kazi, ile nusu kubwa kimeinyamazia. Bibi yule na wajukuu wake watahitaji saa mbili kufika juu, na hapo bado hatujazungumzia kurudi.

Hata yale maneno "rahisi", "wastani" na "ngumu" naomba myaache, au msiyategemee peke yake. Rahisi kwa nani? Andikeni mambo ambayo kila mtu anaweza kuyapima kwa mwili wake mwenyewe: njia inapanda mita ngapi, sehemu iliyosimama zaidi iko wapi na ina urefu gani, chini ni udongo au mawe au ngazi, kama kuna maji huko juu au hakuna, kama kuna kivuli, na muda wa kwenda na kurudi kwa familia inayotembea polepole. Mfano upo. Njia ya Diamond Head kule Hawaii, iliyojengwa mwaka 1908 kwa ajili ya ulinzi wa pwani, ina urefu wa kilomita 1.3 tu kwenda, na inapanda mita 171. Ni fupi kuliko safari za watu wengi kwenda dukani. Lakini wasimamizi wake wanawaambia wageni watenge saa moja na nusu hadi mbili za kwenda na kurudi, na wanataja bila kuficha ngazi kali, handaki na ardhi isiyo sawa. Mtu anayesoma hayo akiwa bado chini anaamua vizuri.

Na kuna jambo moja ambalo sijaliona kwenye vibao vingi, nalo lingesaidia watu wengi sana: onyesheni mahali pa heshima pa kugeukia. Karibu kila kilima kina sehemu katikati ya njia ambapo miti inafunguka na mandhari yanaonekana vizuri kabisa. Wekeni benchi hapo. Andikeni chini, "mandhari ya kwanza, dakika 20". Mtu akijua kwamba nusu ya safari nayo ni safari kamili, hatajikokota na goti linalouma kwa sababu tu anaona haya kurudi mbele ya watoto.

Sasa niseme juu ya kushuka, maana ndiko wengi huumia, na ndiko mlikosahau. Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. Mtu anapopanda, misuli ya paja inajikunja na kusukuma. Moyo unadunda, pumzi zinakata, naye anajua amechoka hivyo anapumzika. Anaposhuka, misuli ile ile inafanya kazi ya breki huku ikivutwa, na kazi hiyo inaichosha na kuiumiza bila pumzi kumpa onyo lolote. Anajiona mzima. Kisha anafika pale penye changarawe nyembamba juu ya mwamba mgumu, kokoto zinaviringika chini ya soli kama gololi, na paja lililokwisha nguvu haliwezi kumkamata.

Tazameni pia kipandio kimoja cha gogo, vile mlivyoviweka vingi miaka iliyopita. Siku kilipojengwa, gogo lilishikilia udongo nyuma yake, ukawa uwanja mdogo wa kuweka mguu. Maji yalipita, udongo ukaondoka, gogo likabaki peke yake limekaa hewani na shimo nyuma yake. Kipandio cha sentimita 15 sasa ni cha sentimita 35. Kijana anakiruka. Mzee anasimama mbele yake, anakitazama, anaanza kugeuka ubavu, anatafuta kwa mkono mzizi wa kushika. Nimewatazama wazee wakifanya hivyo kwenye kipandio kimoja hadi kingine, na nimewatazama wengine wakiamua kukikwepa kwa kupita pembeni kwenye majani. Hapo pembeni ndipo njia ya pili inapozaliwa, kisha ya tatu, na baada ya misimu michache ubavu mzima wa kilima umekuwa kipara. Gogo moja lililokosa udongo ndilo limefanya hayo yote.

Mnaona basi kwamba adui mkubwa wa njia zenu ni maji. Miguu inachangia, ndiyo. Miguu inashindilia udongo hadi hauwezi kunywa mvua tena, lakini anayebeba udongo huo na kuuondoa ni maji. Njia nyingi fupi hazikuchorwa na mtu yeyote. Zilianzishwa na waliotaka kufika juu upesi, nazo zinakwea kilima moja kwa moja. Njia iliyonyooka kutoka kileleni hadi chini ni mfereji uliochimbwa tayari. Mvua ikinyesha, maji yanaiona kabla ya mtu kuiona. Yanachonga korongo dogo katikati, watu wanahamia kwenye kingo zake, kingo zinabomoka, korongo linapanuka. Mizizi inabaki nje imening'inia. Kila mwaka mnapeleka mzigo wa kifusi kujaza, na kila mwaka kifusi hicho kinashuka bondeni na mvua ya kwanza. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini hapa hata huo ukuta utasombwa kama maji hayajapewa njia yao.

Wajenzi wa njia za miguu wana kanuni ambazo wamezitumia muda mrefu, na hakuna iliyo siri. Ya kwanza, mwinuko wa njia usizidi nusu ya mwinuko wa ubavu wa kilima inakopita. Ukizidi, maji yanaacha kuvuka njia na kuanza kuifuata. Ya pili, wastani wa mwinuko ukae karibu na asilimia 10, yaani mita kumi juu kwa kila mita mia za kwenda. Ya tatu, uso wa njia uiname kidogo kuelekea nje, kama asilimia 5, mguu hauhisi lakini maji yanahisi. Ya nne, kila baada ya kipande fulani njia ishuke kidogo kabla ya kuendelea kupanda, ili maji yaliyojikusanya yatokee hapo kabla hayajapata nguvu.

Rudini sasa kwenye ile njia yetu ya kilomita mbili inayopanda mita 300. Wastani wake ni asilimia 15. Ili ishuke hadi asilimia 10 ingebidi iwe ya kilomita tatu. Najua hamtapenda kusikia hivyo, kwa kuwa ufupi ndio mnaoutangaza. Lakini njia ndefu kidogo inayozunguka ubavu wa kilima kwa upole inamfikisha bibi kileleni, na ile fupi inamwacha katikati. Mimi ningechagua hiyo ndefu bila kusita, na naamini wapandaji wengi wangekubaliana nami wakielezwa.

Mkiijenga upya kwa kona za kwenda na kurudi, naomba kona hizo mzifiche. Mtu akisimama kwenye kona moja na kuiona ya pili chini yake, atakata njia moja kwa moja. Hata mtu mstaarabu atakata akiwa amechoka. Pitisheni kona nyuma ya jabali au kichaka, tenganisheni vipande vyake, na pale palipokwisha katwa lazeni mawe makubwa na matawi yenye miiba hadi majani yaote tena. Kibao cha "usikate njia" peke yake hakijawahi kuwazuia watu kwenye kilima chochote nilichopanda.

Pale ambapo kilima ni kikali na hakuna namna ila ngazi, ziwe za mawe yaliyozikwa barabara. Kule Norway, njia ya kwenda Preikestolen, jabali lililosimama mita 604 juu ya maji ya Lysefjord, ilitengenezwa upya kwa msaada wa Washerpa kutoka Nepal, watu ambao kupanga mawe ya njia za mlimani ni ujuzi waliorithi. Walipanga jiwe juu ya jiwe, na watu kwa maelfu wanapita juu yake. Hamna haja ya kuwaita kutoka mbali. Karibu na kilima chenu wapo mafundi wanaojua jiwe, na wapo vijana wanaotafuta kazi. Wapeni kazi hiyo.

Halafu tengeni mtu wa koleo. Mifereji ya kukinga maji hujaa mchanga na majani, na mfereji uliojaa ni sawa na kutokuwepo. Mtu mmoja akipita njia nzima kabla ya mvua na baada ya mvua, akizibua, akirudisha mawe yaliyohama, atawaokolea kazi ambayo baadaye ingehitaji mkandarasi. Na mhandisi wenu, akija kukagua, aje mvua inanyesha. Kwenye jua kila njia inaonekana salama.

Nikija kileleni kwenyewe, nazungumzia ukingo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulikusanya taarifa za habari kutoka duniani kote na kuhesabu watu 259 waliokufa wakijipiga picha kati ya Oktoba 2011 na Novemba 2017. Kuanguka kutoka mahali pa juu ni mojawapo ya sababu kubwa. Siwaombi mweke uzio kila mahali. Preikestolen haina uzio, na wanaoisimamia wanaujua wazi urefu wa genge lile. Kinachonitisha zaidi kuliko kukosa uzio ni uzio unaodanganya. Ukingoni kuna chuma, mtu anaegemea, mtoto anapanda juu yake, na hakuna aliyekijaribu chuma hicho tangu kilipowekwa.

Fanyeni hivi: shikeni nguzo moja ya uzio wenu muitikise, kisha inameni mtazame pale inapoingia kwenye zege. Juu imepakwa rangi vizuri, inang'aa. Pale chini, kwenye mstari ule ambapo maji ya mvua hutuama kuizunguka, rangi imevimba. Kwaruzeni kwa ufunguo. Kama zinatoka gamba za kahawia zilizopangana kama kurasa, nguzo hiyo haishiki kitu tena. Hiyo ndiyo nguzo ambayo mtu ataiegemea huku amewapa mgongo maporomoko, akimsubiri mwenzake apige picha. Ikaguliwe kwa mikono, mara kwa mara, na tarehe ya ukaguzi iandikwe palepale ionekane na wote. Na kwa kuwa watu watapiga picha tu, watengenezeeni mahali pazuri pa kupigia, hatua kadhaa kutoka ukingoni, ambapo mandhari yanaingia vizuri kwenye picha. Wengi wanausogelea ukingo kwa sababu huko nyuma kuna vichaka vinavyoziba au vibanda vilivyojengwa mbele ya mandhari.

Juu ya radi nina maneno machache. Kileleni mtu ndiye kitu kirefu. Anayesikia ngurumo yuko karibu vya kutosha kupigwa, na ushauri unaotolewa ni kusubiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho kabla ya kutoka tena. Mmejenga vibanda vizuri vya kupumzikia huko juu, vyenye paa na visivyo na kuta, na mvua ikianza watu wote hukimbilia humo wakidhani wameokoka. Kibanda cha namna hiyo hakimkingi mtu na radi, wala mti uliosimama peke yake haumkingi. Andikeni hivyo kwenye kibanda chenyewe, kwa herufi kubwa, pamoja na maneno ya kumwambia ashuke mapema anapoona mawingu yanajijenga.

Najua wengine mkisoma hadi hapa mtaona afadhali kufunga lango. Kufunga kunaweza kuwa uamuzi mwema, kukiwa na sababu iliyotajwa na mwisho unaojulikana. Mji wa Phoenix, Marekani, tangu 2021 huzifunga njia za Camelback na Piestewa Peak wakati wa jua kali katika siku zilizotolewa tahadhari ya joto la hatari, baada ya wazima moto waliokwenda kuokoa wapandaji kuzidiwa na joto wao wenyewe. Jua likipoa, njia hufunguliwa. Hilo mtu analielewa na kulipangia. Lakini kuna kufungwa kwa aina nyingine. Huko Edinburgh, Scotland, kuna njia iitwayo Radical Road, kwenye kilima cha Arthur's Seat, iliyojengwa na wafumaji waliokosa kazi baada ya machafuko ya 1820. Mawe yaliporomoka mwaka 2018 ikafungwa, na miaka ikapita, wananchi wakibaki kuulizana kama itafunguliwa tena. Mawe yakiporomoka lazima mfunge, silaumu hilo. Ninachoomba ni kwamba karatasi ya "njia imefungwa" iseme imefungwa kwa nini, nani anashughulikia, na lini watu watapewa taarifa nyingine. Lango lililofungwa bila maelezo huzungukwa, na aliyelizunguka anapita mahali pabaya zaidi kuliko njia yenyewe.

Sitaki mweke lami. Sitaki taa, wala muziki, wala mageti ya kung'aa. Kilima kifupi ni mahali ambapo mtu asiye na muda, asiye na vifaa na asiye na nguvu nyingi anaweza kupata kitu ambacho vinginevyo ni cha wachache: kusimama juu, akavuta pumzi, akaona mbali. Nimemwona mtu mzima akikaa juu ya jiwe kileleni, jasho linamtiririka, akimpigia simu dada yake kumwambia amefika. Mtu huyo hatapanda milima mirefu maishani mwake. Kilima hiki ndicho mlima wake, na ninyi ndio mlioushika.

Ombi langu la mwisho ni dogo na linaweza kutekelezwa kabla ya mvua zijazo. Wekeni nguzo fupi zenye namba, moja kila mita 200, kutoka chini hadi juu, na kwenye kila nguzo bandikeni namba ya simu inayopokelewa. Aliyevunjika mguu aweze kusema "niko nguzo ya saba", na aliyeona gogo limeng'oka aweze kuripoti akiwa bado amesimama mbele yake. Kisha kila mwezi bandikeni kwenye maegesho orodha ya yaliyoripotiwa na yaliyotengenezwa, pamoja na jina la ofisi inayohusika. Sisi tunaopanda tutapiga simu. Tunaomba iwepo ofisi ya kuipokea.

Wenu,
Mpanda vilima